Sindano Inayopumua

Bibiane Kapinga alikuwa na miaka arobaini na kitu alipoona chai yake inamwagika kwenye kisosi kabla kikombe hakijafika mdomoni. Hakushtuka. Mtetemeko ule aliujua tangu utotoni, kwa kumtazama baba yake.

Baba yake, mzee Barthélemy, alikuwa fundi saa hapa Likasi, mji wa migodi kusini mwa Kongo. Babu aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi, lakini Barthélemy alipenda kazi ya kuketi, ya vitu vidogo na utulivu. Watu walimletea saa za mkononi na saa za ukutani, naye akazifungua na kuzifunga kama anayefungua bahasha. Kisha mikono ikaanza kutetemeka, skrubu zikawa zinamponyoka, na siku moja akafunga duka bila kumwambia mtu. Tangu hapo aliishi kwa binti yake katika mtaa wa Kikula, akisikiliza redio na kuchambua maharagwe.

Bibiane alitengeneza televisheni na redio katika chumba cha mbele cha nyumba, lakini moyo wake ulikuwa kwenye kitu kingine. Alitaka kubuni kadi ndogo ya elektroniki ya kulinda friza. Umeme ukipungua au ukizidi, kadi ikate, ukitulia, irudishe. Jirani yake Laure, muuza samaki wa baridi, alikuwa ameunguza friza mbili, na kila walipokutana aliuliza kama kadi imekwisha.

Haikuwa imekwisha, kwa sababu kadi haikamiliki kwa jaribio la kwanza. Unaichora, unapaka bati la kuunganishia, laini kama dawa ya meno, unapanga vipande vya umeme juu yake kimoja kimoja kwa kibano, unaipasha moto juu ya pasi iliyogeuzwa, bati linayeyuka na kushika. Halafu unaona kosa, unachora upya. Na vile vipande ni vidogo kuliko punje ya ulezi. Kwa mkono unaotetemeka, kimoja kinaketi na jirani zake watatu wanasukumwa.

Jioni moja alimwambia baba yake kwamba mikono yake naye imeanza kutetemeka. Mzee aliacha kuchambua maharagwe.

“Hii ni ya kwetu, mama,” alisema. “Baba yangu pia alikuwaka nayo. Haiuwe muntu. Inamunyanganya tu kazi.”

Neno hilo la mwisho ndilo lililomkera Bibiane. Daktari naye alimhakikishia kwamba si ugonjwa wa hatari. Basi, akawaza, kama mkono hautulii, nitatengeneza mkono unaotulia.

Alikusanya imprimante zilizokufa, zile mashine za kuchapa karatasi, akatoa reli na mota zake, akaziunga ziende mbele na nyuma, kushoto na kulia. Compressor, yaani pampu, ya friza moja iliyoungua ya Laure aliigeuza ivute hewa badala ya kuisukuma. Mwisho wa mrija wa plastiki akafunga sindano ya hospitali aliyokuwa ameisugua ncha kwenye jiwe hadi ikawa butu. Kamera ndogo ilionyesha kila kitu kikubwa kwenye kompyuta. Sindano ingeshuka, ivute kipande, ikibebe, ikiweke mahali pake.

Ilishuka, ikavuta, ikabeba. Ila haikuweka. Bibiane alizima compressor, lakini kipande kilibaki kimeng'ang'ania ncha ya sindano, kikapanda nayo tena na kurudi kilikotoka. Alibadilisha sindano, akabadilisha mrija, akapunguza mwendo. Mzee Barthélemy, aliyekuwa amevuta kiti karibu ili aone, alisema mashine ile ina tabia ya mtu anayesaidia kubeba mzigo kisha anaupeleka kwake. Walicheka, lakini Bibiane alikwenda kulala na hasira.

Jibu lilikuja Jumapili. Mumewe Évariste, anayepiga trompette, tarumbeta, katika fanfare, bendi ya parokia, alikuwa uani akijiandaa kwa misa. Alipiga sauti chache, akabonyeza kikono kidogo chini ya bomba, akapuliza, matone yakatoka.

“Sababu gani unafungua pale?” Bibiane aliuliza. Kwa miaka yote ya ndoa hakuwa amewahi kuuliza.

“Maji inabakia mule ndani,” alisema Évariste. “Kama haufungule kadogo, haitoke.”

Bibiane alisimama na sufuria mkononi. Hewa yake nayo ilibaki mle ndani. Alikuwa akiacha kuvuta, lakini mrija ulikuwa umefungwa pande zote, na hakuna hewa iliyoweza kuingia kusukuma kipande kitoke.

“Sindano yangu haipumue,” alisema, akaiweka sufuria chini.

Misa hiyo hakuikosa, ila mahubiri hakuyasikia. Waliporudi, alifungua mashine ya kupimia presha iliyoachwa na mteja mmoja, akatoa vali yake ndogo ya umeme, kilango cha kuingiza hewa, akaiunga kwenye mrija. Vali ilipofunguka, hewa iliingia, na kipande kikadondoka taratibu mahali pake. Évariste, bado na suti ya fanfare, aliomba arudie. Mzee aliomba arudie tena.

Kulikuwa na jambo lililobaki. Vipande vingine hulala upande, na programu ya kompyuta iliyoendesha mashine haikuweza kuona. Lilihitajika jicho la mtu mbele ya kompyuta, na kidole cha kubonyeza vitufe kugeuza sindano kidogo kidogo. Bibiane alimtazama baba yake, akamsogezea vitufe.

Mzee alijaribu. Kidole kilitetemeka, kikabonyeza mara mbili badala ya moja, sindano ikaruka. Alirudisha mkono mapajani. Bibiane akaandika mstari mpya kwenye programu, ili mashine isijali kitufe kilichobonyezwa tena upesi mno.

“Papa, jaribu tena.”

Alibonyeza. Sindano iligeuka kidogo tu, kama alivyotaka. Akabonyeza tena, akashusha, vali ikapumua, kipande kikaketi sawasawa. Mzee Barthélemy alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaendelea hadi kadi nzima ikajaa. Chakula kilipoa mezani.

Kadi hiyo iko kwa Laure sasa. Umeme ulipoyumba wiki iliyofuata, friza ilizimika yenyewe, ikangoja, ikawaka. Laure alileta samaki kwenye beseni na akacheza mlangoni hadi majirani wakatoka.

Siku hizi Bibiane akiingia karakana yake ya chumba cha mbele asubuhi hukuta kiti kimekaliwa. Juzi alimwambia baba yake apumzike, akavute hewa nje.

“Enda weye,” mzee alisema, bila kuondoa macho kwenye kompyuta. “Miye niko ku kazi.”