Samaki wa Baba na Nyungunyungu wa Migombani

Kok. Kimya. Kok, kok.

Nilikuwa bado barazani navua viatu vyenye matope, na nilidhani kuku ameingia sebuleni anadonoa sahani. Nilipofungua mlango sikuona kuku. Nilimwona mama ameketi kwenye kigoda, mikono magotini, akitazamana na samaki wa baba. Samaki aliokota kokoto sakafuni mwa tangi kwa mdomo, akaitemea kiooni. Kok.

"Ananitukana," mama alisema bila kugeuka. "Leo siku ya nne hajakula."

Baba alikuwa hospitalini Kaplong. Aliteleza kwenye mtaro kati ya mistari ya majani chai akavunjika nyonga, madaktari wakamtia chuma. Nilikuja nyumbani kumsaidia mama kukama, na sikujua kwamba ng'ombe ndio wangekuwa kazi nyepesi.

Samaki huyo baba aliachiwa na meneja mmoja aliyekuwa akihama, mwaka baba alipostaafu kiwanda cha chai. Ni mpana kama kiganja cha mwanamume, mweusi, mwenye madoa ya rangi ya kaa linalokaribia kuzimika. Hagusi unga wala chembe za dukani. Anataka nyama, tena nyama yenye uhai, tena kutoka mkono wa baba. Miaka yote mama alimwita ng'ombe asiye na maziwa.

Jioni baba alipiga simu. Aliuliza habari ya samaki kwanza, ng'ombe baadaye.

"Anakula?"

"Anakula," mama alijibu.

Alipokata aliiweka simu mezani polepole, kama kitu cha moto. Mama yangu ni mzee wa kanisa. Sikuwa nimewahi kumsikia akisema uongo, hata kwa wageni wanaouliza kama wamekuja wakati mbaya.

"Mtu aliyelala na chuma nyongani haambiwi mnyama wake anakufa njaa," alinieleza, ingawa sikuwa nimemuuliza. "Jumamosi anarudi. Atamkuta anakula. Basi uongo utakuwa umekwisha."

Kesho yake alichinja jogoo, akampa samaki kipande cha paja chenye mafuta, kile anachowekewa mgeni wa heshima. Samaki alikisogelea, akakinusa, akageuka. Mafuta yalielea juu ya maji kama mchuzi uliopoa.

"Hata askofu alikula hii," mama alisema.

Basi akakumbuka kuwa baba huchimba nyungunyungu. Alichukua jembe akaenda pale kando ya zizi ambapo udongo ni mweusi na laini, akarudi na mkebe wa nyungunyungu wanene, wanaong'aa. Alifurahi kama mchuma chai aliyechuma majani mawili na chipukizi, kama inavyotakiwa, siku nzima bila kukosea. Samaki alimdaka mmoja, akatafuna, akatema. Kufikia adhuhuri alikuwa amelala upande sakafuni mwa tangi, pezi moja likipepea.

Mama alitoka, akavuka ua wa mikaratusi hadi kwa jirani yetu, mama mmoja wa upande wa ziwani aliyekuja huku na mumewe kufanya kazi kiwandani, na ambaye sasa huuza samaki soko la Litein. Walikuwa wamepeana chumvi na kuleleana watoto kwa miaka, lakini kwetu samaki hawaliwi, na mama hakuwahi kununua hata mkia.

Jirani aliinama mbele ya tangi, akanusa mkebe.

"Hawa umetoa wapi, mama?"

"Kando ya zizi. Angalia walivyo na afya."

"Pale mnasimamisha ng'ombe mkiwapulizia dawa ya kupe?"

Mama alifunika mdomo kwa leso. Kila Alhamisi, mwaka baada ya mwaka, yeye mwenyewe ndiye anayebeba lile bomba la dawa mgongoni.

"Hiyo dawa nyungunyungu anaweza beba kidogo na atembee," jirani alisema. "Samaki hawezi. Na kwa shamba la chai uliloweka mbolea pia usichimbe. Haya, toa maji nusu, leta ya mvua, na isiwe baridi kuliko hii."

Tulimwaga na kujaza. Alituambia baba huchimba migombani nyuma ya jikoni, alishamwona mara nyingi juu ya ua, mahali pasipofika dawa wala mbolea. Halafu huwaweka usiku mmoja kwenye udongo safi wenye unyevu, watoe uchafu wa tumboni, na asubuhi huwaosha.

"Mimi niko na huyo mzee miaka arobaini," mama alisema, "na wewe ndiye unajua anachimba wapi."

"Mimi naangalia mambo ya samaki. Wewe unaangalia mzee."

Niliuliza kama nikavue visamaki mtoni. Jirani alikataa: wa mtoni huja na magonjwa yao. Na nyama ya kuku na ng'ombe tuile wenyewe, mafuta yake huganda ndani ya samaki. Alituuzia mnofu wa ngege, samaki wa ziwani, usio na chumvi wala mwiba, tuukate vipande vyembamba.

"Miaka yote jirani, leo ndiyo unanunua samaki yangu," alisema akicheka, "na si ya kula."

Alhamisi samaki aliogelea sawasawa, si kwa upande, lakini hakula. Ijumaa asubuhi mama alichomeka kipande cha mnofu kwenye ncha ya ujiti laini wa ufagio, akakichezesha majini, kushoto, kulia, huku akipiga ule mluzi mwembamba wa kumtuliza ng'ombe wakati wa kukama. Mara maji yalitikisika na ujiti ukawa mtupu. Mama alinitazama. Kisha akamwosha nyungunyungu wa migombani, akampa samaki kwa mkono wake, akafumba macho.

Jumamosi baba aliingia kwa magongo, akakaa mbele ya tangi kabla ya chai. Aliingiza vidole na nyungunyungu. Samaki alimwangalia, akaenda kusimama upande ule mwingine wa tangi, alikosimama mama.

"Alikuwa hali kitu," mama alisema. "Nilikudanganya. Na nilimpa sumu kidogo."

"Nilijua hali kitu."

"Ulijuaje?"

"Angekuwa anakula ungelalamika. Ungeniambia amekula nini na amechafua nini. Ulisema 'anakula' tu, taratibu, kama mtu wa redio."

"Na ukanyamaza."

"Ningeuliza tena ungeongeza uongo wa pili. Na wewe ni mzee wa kanisa."

Mama alichukua mkebe. Alisema baba na chuma chake hatainama leo wala mwezi ujao, kwa hiyo sasa yeye ndiye mchimbaji wa nyumba hii. Kwamba samaki huyu ana makuu kuliko mkwe. Kwamba gambuti za baba ni kubwa na zina maji. Alizivaa hata hivyo. Baba alimsikiliza kwa uso wa mtu anayepokea habari njema, na mama akatoka kuelekea migombani, bado analalamika, na mlango ukafungwa nyuma yake.