Zamu ya Mzee Swichi

Nyumbani tulimwita Mzee Swichi, ila si mbele yake. Mbele yake alikuwa baba, na mimi mkwe wake, fundi viatu, nilikuwa na adabu zangu zote. Lakini mtu akikuzimia taa ukiwa bado umo bafuni na povu machoni, adabu nazo zina kikomo.

Alihamia kwetu na mama mkwe baada ya paa la nyumba yao kuanza kuvuja. Mke wangu aliwapa chumba chenye dirisha kubwa, akawaambia, "Hapa kazi yenu ni kula na kulala." Alisema kwa mapenzi. Mama alicheka, mzee hakucheka. Mtu aliyeoka mikate maisha yake yote, anaamka kabla ya jogoo ili wengine wapate cha kunywea chai, unamwambiaje kazi yake ni kula?

Umeme wetu ni ule wa kununua kwanza ndipo utumie. Dukani unapewa karatasi yenye namba, unazibonyeza kwenye mita iliyo ukutani karibu na mlango, na uniti zinaingia. Mzee alikuwa hapitwi na mita ile. Kila asubuhi alisimama mbele yake, mikono nyuma, akitazama uniti zilivyopungua na kuguna. Akishapokea pensheni yake, alimwita mke wangu pembeni na kumnyooshea noti zilizokunjwa.

"Za umeme hizo."

"Weka, baba. Utanunua soksi."

"Soksi ninazo."

"Basi mnunulie mama kitu."

"Mama yako naye ana soksi."

Noti zilirudi mfukoni kila mara. Mke wangu akiamua jambo ameamua, na sijui alikoirithi tabia hiyo, au tuseme najua. Aliponyimwa kulipa, mzee akaamua kutotumia. Akawa anaoga maji ya baridi na kutoka bafuni akikohoa. Birika la umeme akaligomea, na chai akanywa iliyopoa. Jioni moja nilipita mlangoni kwao nikasikia sauti mbili ndani ya giza totoro.

"Baba, taa imeungua?" nikauliza.

"Haijaungua. Tunazungumza tu, na maneno hayahitaji taa."

"Mimi nilikuwa nashona," mama akasema kutoka gizani. "Tundu la sindano silioni tangu jua lizame."

Niliwasha taa mwenyewe na kuondoka nimekasirika. Kabla sijafika sebuleni nilisikia swichi, taa imezimwa tena.

Sasa, mke wangu ana biashara yake ya barafu. Anagandisha juisi kwenye vikombe vidogo na kuwauzia watoto wa mtaani. Friji yenyewe kubwa, imekaa ukumbini, inanguruma mchana na usiku. Kuna siku mwalimu wa shule ya jirani aliagiza barafu nyingi za siku ya michezo. Kesho yake asubuhi tukaamka tukakuta ukumbi mzima unanata, juisi nyekundu imefika hadi mlango wa mbele, na mke wangu amesimama katikati yake pekupeku.

"Nani kazima friji?"

"Mimi," mzee akajibu kutoka chumbani, bila wasiwasi wowote. "Si ilikuwa imeshaganda? Tanuri likishashika moto unaondoa kuni, mikate inaiva kwa joto lililobaki. Nikajua na baridi ni hivyo hivyo."

Ningecheka, lakini alitoka akaiona sakafu, na uso wake ukanywea. "Nitalipa," akasema.

"Hulipi!" Mke wangu alipiga kelele, jambo ambalo nilikuwa sijawahi kumsikia akimfanyia baba yake. "Sitaki hela yako, baba! Nataka ukae tu!"

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," mzee akasema polepole. "Mimi huu mwaka wa pili, na jembe nimenyimwa. Narudi kwangu."

"Kwako paa linavuja!"

"Linanivujia mimi, nyumbani kwangu."

Akaingia chumbani, tukasikia anafungua kabati. Niliogopa. Kifua kile na nyumba ile, nilijua tungemzika kabla ya mvua kwisha. Mke wangu alichukua tambara akaanza kufuta sakafu kwa hasira, machozi yakimtoka. Mama mkwe akavuta kiti, akakaa, akanyoosha magoti yake mabovu.

"Mwanangu, unamwonea baba yako."

"Mimi? Mimi ninayemlea?"

"Ndiyo hapo. Yeye hakuomba kulelewa. Aliomba kuishi na wewe."

Mke wangu akaacha kufuta. Mama akaendelea, sauti yake imepanda ili na chumbani isikike. "Friji ni ya biashara yako, baba yako asikulipie barafu. Taa, birika na pasi ni vya nyumba, na nyumba ni yetu sote. Kwa hiyo umeme ukiisha, mara mbili mnunue ninyi, mara ya tatu tununue sisi. Na asitokee wa kumsaidia mwenzake kwa siri."

"Watu watasema nawatoza wazazi wangu."

"Hao watu wanalala humu?"

Mlango wa kabati ulisikika ukifungwa. Mzee hakutoka mpaka mchana, lakini alitoka bila begi.

Zamu zetu mbili zilipita. Ya tatu ikaangukia jioni, chakula kimeshawekwa mezani. Taa zikazimika pu! Kabla hatujasema lolote, sauti ikatoka kwenye kiti cha mzee.

"Yangu hiyo!"

Sijawahi kuona mtu akifurahia giza namna ile. Alivaa viatu, akabadilisha na shati, akatoka kwenda dukani. Niliinuka nimfuate, mama akanishika mkono. "Mwache." Tukakaa, chakula kikapoa.

Aliporudi alisimama mbele ya mita na karatasi yake, nasi tukainuka tukamzunguka. Mke wangu akammulikia kwa simu.

"Nisomee, baba, nibonyeze mimi."

"Wewe shika taa."

Akabonyeza namba moja moja, akinong'ona. Mita ikakataa. Akaanza upya. Ikakataa tena. Nilikuwa na njaa na vidole vyangu vilikuwa vinawasha, nikavitia mfukoni. Mke wangu alikuwa analia bila sauti, na baba yake hakuona kwa sababu macho yake yalikuwa kwenye namba.

Mara ya tatu mita ikakubali, umeme ukarudi.

"Ahsante, baba," mke wangu akasema. Haikuwa ile ahsante ya kumridhisha mzee. Alikuwa amepewa kitu, na alikipokea.

Mzee alikwenda mezani, akavuta kiti, akakaa, kisha akatutazama sisi tuliobaki tumesimama pale mlangoni.

"Mbona mmesimama?" akasema. "Karibuni, karibuni mle."