Nilivyoikalia Simu ya Mama Harjit

Nichekeni tu, nimekubali. Wiki jana hapa Nakuru, mimi na jirani yangu Mama Harjit tuliwekewa intaneti mpya, ile ya kasi. Ruta ni moja, iko sebuleni kwake, na waya umevuka ukuta hadi kwangu. Nilikuwa na furaha ya mtoto! Miaka yote nimetumia ile ya zamani ya kupiga kwa laini ya simu, ambayo mtu akiinua simu tu, kila kitu kinakatika.

Jioni hiyo tulijazana kwake kumwona ndugu yangu Kimani, aliye Kanada, kwenye kompyuta. Uso wake ulipotokea, nilipiga kelele. Papo hapo simu ya nyumba ikalia.

"Msiguse! Mtatukata!" Nikaruka, nikaikalia.

"Baba Shiru, huyo ni mkwe wangu! Harjit yuko hospitali anajifungua!"

"Ngoja kidogo, mama, Kimani atapotea!"

Simu ikanyamaza, ikalia tena chini yangu.

"Kwani hamshiki simu?" Kimani akauliza.

"Tukishika utapotea!"

"Nani alikudanganya? Hiyo mpya haikatwi na simu!"

Mama Harjit alinisukuma, akaishika, akasikiliza. "Ni msichana!" Nyumba nzima ikashangilia, na Kimani, bila kukatika hata kidogo, akapiga makofi.

Kisha Mama Harjit akafunika simu kwa kiganja, akanitazama.

"Mkwe wangu anauliza mbona hatukuwa tunashika. Nimwambie nini, Baba Shiru?"