Vidole Vinne vya Nyongeza

Katika soko la Kyambogga, kati ya mashine ya kusaga na meza za wauza karanga, kuna nafasi ya hatua nne ambayo hakuna mtu anayeikalia. Si kwamba soko lina nafasi ya kuchezea. Wauza nyanya wamebanana hadi wanagongana viwiko, na mshona viatu amejibanza chini ya ngazi ya ofisi ya kamati. Lakini pale hapaguswi. Sakafuni kuna duara jeupe, pana kama sinia, lililoachwa na sufuria ya gundi ya muhogo kwa miaka ishirini na miwili, na ufagio umeshindwa kulitoa. Kinachokosekana zaidi ni sauti. Zamani, mashine ya kusaga ikinyamaza kidogo, ulisikia chupa ya soda ikipita juu ya karatasi, krrr, ikiukandamiza mkunjo, halafu kimya kifupi, halafu krrr tena. Wauza karanga wanasema masikio yao bado yanaisubiri.

Chupa ile ilikuwa ya Felista Nakimbugwe, mwanamke mrefu, mkavu, mwenye vidole vilivyochubuka kwa karatasi na mdomo usioazima maneno ya mtu. Mumewe, Ssemanda, alikuwa mwashi. Jioni moja alirudi na magunia matupu ya saruji ili wawashie moto, naye Felista, badala ya kuyatupa jikoni, akayatandika sakafuni akayatazama. Akaona gunia moja lina matabaka matatu. La nje lina maandishi ya kiwanda na vumbi la njiani. La ndani limelala na saruji. La katikati halijaonana na huku wala kule; ni safi, gumu, rangi yake kama andazi lililoiva. Akalikata lile la katikati, akalikunja, akalibandika kwa uji wa muhogo. Mfuko wa kwanza ulibeba karanga kutoka Kyambogga hadi Masaka mjini bila kupasuka. Ssemanda alifariki kazi hiyo ikiwa na miaka mitatu, na mafundi wenzake wakaendelea kumletea mjane wake magunia, kwanza kwa huruma, baadaye kwa mazoea.

Aliwahi kukosea mara moja tu, na kosa hilo alilisimulia mwenyewe kabla hujalisikia kwa wengine. Magunia yalikuwa machache, akatumia tabaka la ndani baada ya kulikung'uta. Kesho yake mteja akang'ata karanga yenye mchanga wa saruji. Felista alizunguka meza kwa meza akaikusanya mifuko yote, akaichoma mbele ya soko zima, kisha akaketi mezani kwa Bukirwa, muuza karanga na wale panzi wa kukaanga waitwao senene, akatafuna konzi moja ya zile karanga mpaka ikaisha.

"Unafanya nini, mwenzangu?" Bukirwa alimuuliza.

"Nataka kujua nimewalisha nini."

Plastiki haikuwa ngeni kwake. Ilikuwapo siku zote, ile mifuko myepesi ambayo watu wa huko huiita kaveera, ikibeba nyanya, nyama na chumvi, ikipepea kwenye uzio wa shule na kuziba mitaro. Kila baada ya miaka michache redio ilitangaza kwamba imepigwa marufuku. Siku hizo wafanyabiashara walimjia Felista mbio, wakimwita mama, wakimwita dada, wakimwita mkombozi. Baada ya miezi miwili plastiki ilirudi, nao wakapita mbele yake wakitazama juu kama watu wanaotafuta dalili za mvua. Mwisho aliacha kusikiliza. "Sitaki ishindwe na redio," alisema. "Ikishindwa, ishindwe na mkono wangu."

Kisha akaja Mutyaba. Alikuwa kijana wa palepale, mama yake aliuza ndizi lango la pili, lakini alikuwa ameishi Kampala na amerudi na shati jeupe, katoni za pakiti za plastiki zinazong'aa kama maji, na mashine ya kubana midomo ya pakiti hizo kwa moto. Felista alimwona akipima sakafu kwa hatua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unampimia nani kaburi?"

Mutyaba akacheka. "Soketi ya mashine ya kusaga iko hapa nyuma yako, mama. Waya wangu ni mfupi."

"Kanunue mrefu."

Hakununua. Alikwenda kwa kamati. Mwenyekiti, Lwanyaaga, mtu mnene mwenye sauti ya padri, aliitisha mkutano na kusema kwamba soko lazima liende na wakati, na umeme haukuwekwa pale ili kuangalia watu wakipika gundi. Wauzaji waliguna. Alipoona wanaguna, akatafuta njia ya katikati: msimu wa senene ulikuwa unakaribia, basi senene ndio waamue. Ikifika Krismasi, yule ambaye wauzaji wengi wa senene wanafungashia kwake, nafasi ile ni yake.

"Umekubali, mama?" akamuuliza Felista.

"Mimi nimekaa pale tangu wewe hujaota kitambi. Sikuombwa kukubali, siombwi kukataa. Nitakunja."

Novemba senene wakaja. Asubuhi waliletwa kwa magunia, bado wanatambaa, na wanawake wakaketi duara wakinyonyoa mbawa na miguu, sufuria zikaanza kulia, na harufu ya vitunguu na mafuta ya senene ikapanda hadi barabarani. Mutyaba, kwa kuwa hakuwa na nafasi bado, alivuta umeme kutoka kwa kinyozi na kufanya kazi mlangoni kwake. Siku ya kwanza tu, pakiti zake zilisimama mezani kama vioo. Senene walionekana mmoja mmoja, wa kijani na wa kahawia, wamelala kama vito. Wasafiri wa barabara kuu walinyoosha vidole na kununua bila kushuka. Kufikia Ijumaa, kati ya wauzaji kumi na wanne, kumi na mmoja walikuwa kwa Mutyaba. Bukirwa alikuwa wa kumi na mmoja.

Alikuja mwenyewe kusema, hilo lazima lisemwe kwa heshima yake.

"Dada, watu wanakula kwa macho. Mfuko wako hauonyeshi kitu."

"Kwangu mtu anatia mkono, anachukua mmoja, anaonja."

"Mkono si macho."

"Kweli. Macho hayajawahi kushiba."

"Sasa unamkunjia nani, jamani? Tazama mlima ulionao."

"Namkunjia atakayerudi."

"Kiburi kitakuua."

"Basi nitazikwa nacho. Hakihitaji kufungashiwa."

Akaendelea. Krrr. Alikuwa na njaa siku zile, na wenzake wote walijua. Alikula muhogo aliobakiza kwenye gundi, akidai anaupenda. Mvua ilipopiga kwa upepo, alichukua shuka kuukuu la plastiki akalifunika rundo lake la karatasi. Mutyaba aliona, akaita kutoka kwa kinyozi, kwa sauti ya kusikiwa na wote:

"Mama, na wewe umejiunga nasi?"

Soko likacheka. Felista akalivuta shuka vizuri, akaweka jiwe kila pembe. "Huyu ni mtumishi wangu," akasema. "Nimempa kazi anayoiweza. Alowe."

Wiki ya pili ndipo mambo yalipoanza, na yalianzia pasipotarajiwa na mtu. Mwalimu Nabakooza wa shule ya msingi, mteja wa Bukirwa wa miaka mingi, alinunua pakiti moja, akalipa, akabaki amesimama.

"Kuna nini tena, mwalimu?" Bukirwa akamuuliza.

"Nasubiri."

"Unasubiri nini?"

"Nyongeza yangu."

Kyambogga, kama kote huko Buganda, kipimo si mwisho wa biashara. Kopo likishamiminwa, muuzaji huchota tena kwa vidole, kidogo tu, na kukitupia juu ya kipimo. Kidogo hicho ndicho kinachofanya mteja awe wako. Bila nyongeza mmeuziana tu, kama watu waliokutana safarini.

Bukirwa aliitazama pakiti. Imebanwa, imekaza, haina mdomo. "Imo humohumo, mwalimu. Tulishaitia kabla ya kufunga."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya… tuliifunga asubuhi."

"Nyongeza niliyotiliwa nikiwa darasani hiyo ni hesabu. Ya kwangu nataka niione ikianguka."

Bukirwa akachota senene kwa vidole, akabaki nao hewani. Hakukuwa na pa kuwaweka. Mwisho akawamwaga kwenye kiganja cha mwalimu, na mafuta yakachuruzika hadi kwenye mkono wa blauzi yake ya kazini. Mwalimu akaitazama blauzi, akamtazama Bukirwa, akavuka njia hadi kwa Felista.

"Nisaidie mfuko mmoja."

Felista alimpa. Mwalimu akaipasua pakiti kwa meno, akawamimina senene wote kwenye karatasi, akarudi kwa Bukirwa na kuufungua mdomo wa mfuko mbele yake. "Sasa," akasema, "tuanze upya."

Habari ile ilizunguka soko kabla ya adhuhuri. Jumamosi watu walisimama mbele ya meza na pakiti mkononi, hawaondoki. Wanawake wakadai zipasuliwe. Wengine walirudi siku ya pili wakilalamika kwamba senene waliofungwa wakiwa moto walitoa jasho ndani ya plastiki, wakalainika kama mboga iliyolala. Mutyaba aliwaelekeza wauzaji wawapoze kwanza, na katika hilo alikuwa na haki. Waliopozwa walikaa vizuri. Nyongeza ndiyo iliyomshinda. Alijaribu kutengeneza pakiti ndogondogo za bure, za senene saba saba. Wazee walizigeuzageuza mkononi wakamrudishia.

Jumatatu Bukirwa alikuja na kikapu kitupu na bakuli la senene. Hakusema samahani, wala Felista hakuitafuta.

"Nipe mia moja."

"Mia moja ya nini? Hata kutaja mfuko umesahau?"

"Mifuko ya senene, dada. Usinitese mbele za watu."

Felista akamhesabia. Bukirwa akaufungua mmoja, akamimina kopo moja la senene aliokuja nao kwenye bakuli, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile akatazama vizuri. Senene waliishia chini kidogo ya mdomo. Juu yao palibaki karatasi tupu, upana wa vidole vinne.

"Siku zote unaikata hivi?"

"Siku zote."

"Mimi nilidhani hujui kupima."

"Kopo lako nalijua tangu lilipokuwa na rangi. Vidole viwili vya nyongeza, viwili vya kukunjia. Mutyaba amepima senene. Mimi nawapima ninyi."

Wiki moja kabla ya Krismasi, kumi na wawili kati ya kumi na wanne walikuwa kwenye karatasi. Soko zima lilijua, hata kinyozi alijua. Mwenyekiti Lwanyaaga hakuingoja Krismasi; aliitisha mkutano, akasoma kwenye karatasi, na akasema kwamba kamati imetafakari, imeona kwamba msimu ni msimu tu lakini umeme ni maendeleo, na kwamba bwana Mutyaba atapewa nafasi ile. Mama Nakimbugwe atapatiwa nyingine, nzuri, karibu na vyoo.

Hakuna aliyepiga makofi. Felista alisimama, na wengi walidhani atalia au atatukana. Alifanya kazi tu. Akaibeba sufuria ya gundi, akaiweka kichwani. Akaitia chupa kwapani. Akapita katikati ya mkutano bila haraka, akatoka lango kuu, akaruka mtaro unaoonyesha mwisho wa soko, na akaketi upande wa pili, chini ya paa la ghala bovu la kahawa la shemeji yake Bukirwa. Akageuka kuwatazama. Kutoka pale, mpaka leo, unamwona mwenyekiti akiingia ofisini, naye anakuona unamwona.

"Mama, huko ni nje ya soko," Lwanyaaga aliita.

"Ndiyo. Ndiyo maana huwezi kunitoa."

Kesho yake wauzaji waliweka ubao juu ya mtaro ili wavuke bila kulowa miguu. Kamati iliuondoa. Waliweka mwingine. Ulipoondolewa wa tatu, mafundi wa saruji, wale waliomzika Ssemanda, walipita asubuhi na kumwaga zege. Daraja lile halijaondolewa.

Mutyaba aliiweka mashine yake kwenye duara jeupe na kukaa miezi miwili. Wauza karanga waliokuwa jirani zake walimsalimia vizuri na hawakununua kitu. Februari aliipakia kwenye gari, akaenda nayo kituo cha mafuta barabarani, ambako wasafiri wananunua haraka na hakuna anayedai nyongeza. Anafanya vizuri huko, na anapopita humsalimia Felista kwa heshima. Nyanya, nyama na chumvi bado zinabebwa na plastiki. Hakuna aliyesema vingine.

Kwa nafasi ile, kamati imewaita watu wanne, na wote walikuja, wakatazama sakafu, wakasema wataipigia kamati simu. Mwezi Machi mwenyekiti mwenyewe alivuka daraja, akaketi juu ya gunia, akajipangusa jasho.

"Rudi, mama. Nafasi ni yako. Hata ada ya mwaka tutaisamehe."

Krrr. "Wewe ndiye uliyeinyang'anya?"

"Kamati."

"Basi iambie kamati nafasi ile haikuwa nyongeza, ichotwe, irudishwe, ichotwe tena. Unakaa kwenye gunia langu, bwana mwenyekiti. Nyanyuka, nataka tabaka la katikati."

Akanyanyuka.

Felista Nakimbugwe yuko ng'ambo ya mtaro, ghala la pili kutoka darajani, Jumatatu hadi Jumamosi, tangu saa moja asubuhi.