Ukurasa wa Kumi na Moja

Nilimsikia kabla sijamwona. Ilikuwa siku yangu ya kwanza katika chuo cha lugha pale Remera. Umeme ulikuwa umekatika, nami nilikuwa nikipanda ngazi kwa kupapasa ukuta. Kutoka ghorofa ya pili ilinijia sauti ya msichana akisoma Kiingereza, sauti nyembamba, ya haraka, isiyotua popote, kama maji yanayoteremka mtaroni mvua ikishakatika. Nilisimama gizani nikasikiliza. Kama wanafunzi ndio hawa, nilijiuliza, mimi nimekuja kufundisha nini?

Nilimkuta kwenye korido ameelekea ukutani, kitabu kimefungwa kifuani, kidole kimoja kimebaki katikati ya kurasa. Aligeuka, akainamisha kichwa, akasema kwa Kiswahili cha mjini Kigali, "Karibu, Mwalimu. Darasa iko pale. Mimi naitwa Meilin."

Sikuwa mgeni katika ualimu. Nilizaliwa Karagwe, Tanzania, wazazi wangu walikokimbilia, nikaja "kurudi" Rwanda, nchi ambayo nilikuwa sijawahi kuiona. Kituo changu cha kwanza kilikuwa shule ya msingi bondeni Kimisagara, ambako nyundo za mafundi zilisikika darasani tangu asubuhi. Mwalimu Mkuu wa pale, mzee mkavu asiyecheka, aliniambia jambo ambalo sikulielewa kwa miaka mingi. "Mtoto akisoma kwa kusitasita, mwache. Akisoma bila kusita, msimamishe." Nilidhani ni ukali tu wa wazee.

Remera nilipewa darasa la Wachina tisa: wake za wahandisi wa barabara na watoto wa wenye maduka. Mkurugenzi wa chuo, mtu aliyekulia Bujumbura na aliyevaa tai hata Jumamosi, alinipa amri moja. "Madamu, humu ndani ni Kiingereza tu. Nikisikia lugha nyingine, ni mimi na wewe. Bon?"

Niliivunja wiki ya pili. Vijana mnaoingia katika kazi hii mjue hivi: katika Kichina kitenzi hakigeuki kwa sababu ya wakati. Jana, leo na kesho, neno la kula ni lile lile, na wakati husemwa kwa maneno ya pembeni. Kwa hiyo wanafunzi wangu waliziona ncha za vitenzi vya Kiingereza kama mapambo, na mapambo mtu huweza kuyavua. Meilin aliyavua yote. Lakini alikuwa amekaa miaka mitatu katika duka la baba yake, Bwana Chen, muuza vitasa na bawaba, akipiga soga kwa Kiswahili na wapakuzi wa mizigo. Basi nikaandika ubaoni: alikula, anakula, atakula.

Alitazama, kisha akajipiga kofi kwenye paji la uso. "Aaa! Kumbe Kiingereza nayo iko na *li*!"

Darasa zima lilicheka. Tangu siku hiyo, akiteleza, nilinong'ona tu "li", naye akajirekebisha. Mkurugenzi akipita dirishani alikohoa, akaendelea na safari yake.

Meilin alitaka kuwa mkunga. Aliwahi kumsindikiza mke wa mpakuzi mmoja kujifungua, akasimama mlangoni mwa wodi hadi mtoto alipolia, na tangu hapo hakutaka kazi nyingine. Shule ya wakunga hufundisha kwa Kiingereza, na mtihani wa kuingia huwa na ufahamu, yaani kifungu ambacho mtahiniwa hajawahi kukiona, akisome na kujibu maswali. Baba yake alikuwa amekubali ajaribu mara moja tu. Akishindwa, angerudishwa China kwa shangazi yake, kwenye kiwanda cha vifungo.

Ilikuwa imebaki miezi mitatu. Mimi sikuwa na wasiwasi naye hata kidogo. Nani asome kama yeye?

Wiki moja kabla ya siku ya wageni, ambapo wazazi na wafadhili huja kuwasikiliza wanafunzi wakisoma, Mkurugenzi alitaka kumsikia msomaji wetu bora. Meilin alikuwa amesahau kitabu chake nyumbani, hivyo Mkurugenzi akamtolea nakala kuukuu kabatini mwake. Ilikuwa hadithi ya tabibu anayevuka mto kwenda kwa mgonjwa. Nilisimama nyuma ya bega lake, nikifuata mistari kwa macho huku moyo ukinijaa fahari.

Karatasi moja ya kitabu kile ilikuwa imechanwa. Baada ya ukurasa wa kumi ulifuata wa kumi na tatu. Meilin hakusita. Macho yake yakiwa juu ya ukurasa wa kumi na tatu, alisoma wa kumi na moja wote: tabibu akavua viatu, akapima kina cha maji kwa fimbo, akamwita mwenye ng'ombe ng'ambo. Akasoma na wa kumi na mbili. Hapakuwa na hata neno lake moja pale karatasini.

"Voilà!" Mkurugenzi alipiga makofi. "Huyu ndiye wageni watamsikia."

Wengine walipotoka nilibaki naye. "Meilin, nionyeshe pale tabibu anapovua viatu."

Alifunua mbele, akarudi nyuma, akafunua tena. Masikio yakawa mekundu. Aligusa kwa kidole pindo la karatasi iliyochanwa.

"Kwenye kitabu haiko," alisema taratibu. "Kichwani iko."

"Na vitabu vingine?"

"Zote, Mwalimu. Mimi nasikia kaseti ya darasa, nakariri asubuhi, mbele ya ukuta. Nyumbani kwetu mwanafunzi mzuri anakariri." Kisha akauliza swali ambalo tayari alijua jibu lake. "Mtihani iko na kitabu gani?"

Nilikwenda ofisini. Mkurugenzi alinisikiliza huku akikunjua na kukunja miwani.

"Wageni wanakuja Jumamosi, Madamu. Nani ameona?"

"Mimi nimeona."

"Na ukinyamaza?"

"Atawasomea wageni vizuri sana, halafu ataenda kutengeneza vifungo."

Alivaa miwani yake, akavuta faili. Nilitoka bila kujua kama bado nina kazi.

Jumamosi, mbele ya wageni, nilimpa Meilin kifungu nilichokiandika mwenyewe asubuhi ile, mistari minane kuhusu mama anayemwogesha mtoto. Alisoma kama mtu anayetembea juu ya mawe ya mtoni. Alisimama, akarudi, akakosea, akarudi tena. Wageni walianza kutazamana. Mstari wa mbele Bwana Chen alikuwa ameinamia viatu vyake.

Alinifuata ngazini. "Mwalimu, mtoto yangu alikuwa anasoma mbio! Sasa anasoma kama mgonjwa. Umefanya nini?"

"Zamani alikuwa hasomi, Bwana Chen. Leo ameanza."

"Ameanza? Miaka tatu nimelipa, leo ndiyo ameanza?" Akageuka kwa binti yake. "Panda gari."

Meilin hakupanda. Alimwambia baba yake maneno mengi kwa Kichina, ya haraka, na katikati yake nikasikia neno moja la Kiswahili: mkunga. Bwana Chen alitazama barabara, pikipiki zikipita. Mwishowe alisema, "Mpaka mtihani. Halafu basi."

Jumatatu nilifika nikiwa na kipande cha kadi nilichokata kwenye boksi la vitasa. Mbinu yenyewe haina siri. Unafunika ukurasa wote, unafunua mstari mmoja, unauliza: nani? Alifanya nini? Lini? Mwanafunzi hafunui wa pili mpaka amejibu kwa maneno yake. Hatukurudia kifungu hata kimoja. Tulisoma maelezo ya dawa ya kikohozi, tangazo la kukatika kwa maji, karatasi ya maelekezo ya kufunga bawaba ambayo Bwana Chen mwenyewe alikuwa akiiuza kwa miaka bila kujua inasema nini.

Siku za mwanzo alilia. "Mwalimu, hujui. Wewe unaangalia, unaona maneno. Mimi naangalia, naona sisimizi."

"Basi nifundishe sisimizi wako."

Alinichorea herufi kumi za Kichina, kila moja kwenye kikaratasi chake, akanitajia kila moja mara moja. Usiku kucha zilinikimbia, nikayarudia majina yake kwa mpangilio hadi yakakaa. Kesho yake nilizitaja zote kwa mpangilio, bila kosa, nikitabasamu. Alizichanganya kwa mikono miwili kama karata, akanionyesha moja. Sikuijua. Akanionyesha nyingine. Sikuijua.

"Ehee," alisema, akicheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili. "Mwalimu naye anakariri!"

Niliona aibu, na aibu ile ilinifundisha kazi yangu kuliko semina zote. Kukariri hakukuwa udanganyifu. Ulikuwa mlango pekee alioujua mtu aliyewekwa mbele ya ukuta. Kuanzia hapo sikumkataza kukariri. Nilimpa vya kukariri vilivyo vidogo: mifupa ya sentensi, yaani miundo yake, si nyama yake. Kila asubuhi alikariri mfupa mmoja pale koridoni, na darasani tukautafuta ndani ya matangazo na vifungu vipya. Mchana alinipa herufi yangu moja.

Siku ya mtihani alivaa sweta la kijani, kadi yake ya boksi mfukoni. Alitoka wa mwisho, wenzake wakiwa wameshakunywa soda. "Nimesoma polepole," alisema. "Lakini nimesoma." Alikuwa ameacha maswali mawili bila kujibu. Majibu yalipotoka alikuwa karibu na mwisho wa orodha ya waliochaguliwa. Bwana Chen aliniletea kitasa kipya cha mlango wa darasa, akakifunga mwenyewe kwa bisibisi.

Nimefundisha miaka mingine kadhaa baada ya hapo, nikiwa na kadi na mifupa yangu, na Mkurugenzi hakuwahi tena kunikumbusha amri yake. Kama kuna jambo moja la kuwaachia walimu vijana, ni la yule mzee wa Kimisagara. Msimamisheni anayesoma bila kusita. Ila mkishamsimamisha, msimwache peke yake pale mlipomsimamisha.

Mwezi uliopita nilistaafu. Siku ya mwisho Meilin alikuja na sare yake ya ukunga, akanikuta darasani na wanafunzi wapya. Mkurugenzi alikuwa amenipa bahasha iliyofungwa kwa gundi, nami macho yalikuwa yamejaa machozi, sikuweza kusoma. Nilimkabidhi Meilin.

"Hujawahi kuiona," nilimwambia.

"Sijawahi," alijibu, akaifungua.

Barua ilikuwa ya Kiingereza. Alisoma taratibu, kidole chini ya mstari. Mkurugenzi alinishukuru kwa utumishi wangu. Kisha akaandika kwamba kitabu kile cha tabibu kilikuwa chake, na kwamba alijua karatasi ile imechanika tangu kabla sijaajiriwa. Siku ile aliona nilichokiona, kwamba Meilin anakariri, akanyamaza kwa ajili ya wageni. Alimalizia kwa kusema kwamba amekuwa akitaka kuniambia hivyo kila siku tangu wakati ule.

Meilin alisita. Alirudi mwanzo wa sentensi, akaisoma upya hadi mwisho ili awe na hakika. Kisha akanitazama.

"Iko," alisema. "Imeandikwa."

Nilichukua mkoba wangu. Mwanafunzi mmoja mpya alifunua kitabu na kuanza kusoma kwa sauti, akajikwaa kwenye neno la tatu, na Meilin akavuta kiti akaketi karibu naye, mkono mfukoni akitafuta kadi. Nilitoka kwenye korido. Kitasa cha Bwana Chen kikalia tik, mlango ukafungwa nyuma yangu.