Nusu ya Nafasi Tupu

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba nafasi tupu si kitu. Nilikuwa najifunza Python peke yangu, kwa simu yenye kioo kilichopasuka, nyumbani kwetu Kibaoni, hapa Ifakara. Zoezi lilikuwa piramidi ya nyota. Niliandika kitanzi, ile amri ya kurudia jambo mstari kwa mstari, nikaagiza nyota tu: moja, tatu, tano. Nilitegemea zijipange katikati zenyewe. Zikaegemea zote kushoto, kama mtu aliyeshika ukuta.

Nilichelewa kuelewa kwamba katikati hutengenezwa na kisichoonekana. Kila mstari huanza kwa nafasi tupu, ndipo nyota zifuate. Nyota zikiongezeka, nafasi zinapungua. Nikapata piramidi iliyonyooka. Nikaifuta na kuiandika upya mara nyingi, nikiogopa kwamba nimekosea mahali nisipopaona.

Mwaka huohuo baba alifariki. Alikuwa mkata miwa kwenye mashamba ya sukari, akaumia mguu wa kushoto, akarudi Ifakara kulima mpunga huku akichechemea. Baada ya mazishi nilikuwa nasikia hatua zake barazani jioni, moja nzito, moja nyepesi. Mama hakusema kama naye anazisikia. Lakini tulipokula mkekani hakuna aliyekaa upande wa baba. Tulijibana, tukaacha pale patupu.

Kabla ya masika tulitaka kujengea kaburi. Huku kwetu fundi humwaga saruji, na ikiwa bado mbichi huchora maandishi kwa msumari akifuata karatasi. Mama alinipa mimi kazi ya karatasi hiyo, kwa kuwa nashinda na nyota zangu. Saruji ikishakauka, hakuna kurekebisha.

Niliandika programu: chukua upana wa mstari mrefu kuliko yote, toa idadi ya herufi za mstari huu, gawanya kwa mbili, acha nafasi hizo kwanza. Mistari yote ilikaa sawa, isipokuwa jina lake. Upana ulikuwa namba witiri, jina lina herufi shufwa. Nilipogawanya ilibaki nusu, na nusu ya nafasi haipo. Programu iliitupa hiyo nusu, jina likasogea kushoto kidogo. Piramidi haikuwahi kunionyesha hilo, kwa sababu nyota zake katika kila mstari ni witiri.

Niliongeza nafasi moja, jina likaenda kulia. Nikaitoa, likarudi, na kila mara nilinakili upya kwenye karatasi. Fundi alikuja nikamwomba arudi siku nyingine. Alipokuja tena nikamwomba vilevile. Mawingu yalikuwa yameshaanza kushuka kutoka Udzungwa. Akaniambia kwa upole wa mtu aliyechoka, "Mdogo wangu, mvua haiangalii hiyo simu yako."

Mtani wa ukoo wetu, aliyekuwa amekuja kutoka Idete, alikuwa amekaa pembeni anakunywa chai. "Mwacheni," akasema. "Marehemu atafufuka ajiandike mwenyewe."

Wote walicheka, kama inavyopasa mtani akisema. Mimi nilitoka nje, maana jana yake jioni zile hatua zilikuwa zimesimama mlangoni kwangu.

Mama alinifuata. Aliichukua karatasi mkononi mwangu, akaitazama muda mrefu.

"Limeegemea wapi?"

"Kushoto, mama. Kidogo tu, lakini linaonekana."

"Na baba yako aliegemea wapi?"

Niligeuka kutazama baraza, alikozoea kupita akichechemea.

"Mpe fundi karatasi yake."

Fundi alichora jioni ileile. Msumari ulipofika kwenye jina nilifumba macho. Mvua ilinyesha saruji ikiwa imeshashika.

Jina lipo hadi leo, kushoto kidogo. Jioni nyingine hatua bado zinapita barazani. Kilichobadilika ni kwamba kazi yenye kasoro ndogo sasa naikabidhi, na mkekani, upande wa baba nakaa mimi.