Sentensi ya Hibaq

Harufu ya vumbi lililonyunyiziwa maji ndiyo shule yangu ya Garissa. Kila asubuhi sisi wasichana tulibeba maji kwa vidumu, tukanyunyizia sakafu ya udongo na kufagia, kisha wavulana wakaja na kuketi kama wageni wa heshima. Jua likipanda, mabati yalianza kualika kwa joto na tukabaki na jasho na chaki. Niliipenda shule ile kupita kiasi, labda kwa sababu sikuwa na haki nayo. Nilikuwa mkimbizi wa Hagadera. Katikati ya miaka ya tisini shangazi yangu, Eddo Shukri, aliyeuza nguo sokoni Garissa, alinichukua kambini nikae kwake, ili nifanye mtihani wa darasa la nane pamoja na watoto wa mjini na nipate nafasi ya sekondari. Mkimbizi hakuruhusiwa kutoka kambini bila kibali, nami sikuwa nacho. Eddo alinionya nisimwambie mtu yeyote.

Nilimwambia mmoja tu. Hibaq alikuwa jirani yetu, tuliketi dawati moja na kula anjera kwenye sahani moja. Hakushtuka. Alinifundisha kwamba nikiulizwa niseme nimezaliwa Hulugho, maana watu wa mpakani huongea Kisomali kama changu, na hakuna mtu wa Garissa ambaye angejisumbua kwenda huko kuulizia. Alinirekebisha hata Kiswahili. Alinicheka niliposema "bembeni" badala ya pembeni, ingawa yeye mwenyewe, akiomba mkate, alisema nimkatie "kibande". Nilimwamini kwa moyo wote, na bado naudhika nikikumbuka jinsi nilivyomwamini.

Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa ametoka Ukambani na alipenda maneno kuliko chakula. Siku moja aliandika ubaoni vitenzi viwili, "mix" na "mingle". Cha kwanza, alisema, ni sukari ndani ya chai: ukishaikoroga huwezi kuitoa tena. Cha pili ni mbuzi wa watu mbalimbali waliokutana kisimani. Wanachangamana, wanasuguana mbavu, lakini kila mmoja ana alama sikioni na jioni atarudi zizini kwake. Hutumika sana kwa watu, akaongeza, hasa wageni kwenye sherehe. Kisha akataka sentensi.

Hibaq alikuwa wa kwanza kuinua mkono. Alisimama, akaweka sawa mtandio wake, akasema kwa Kiingereza safi kwamba Deka ni mkimbizi kutoka Hagadera, lakini amechangamana na sisi hadi huwezi kumtambua. Mwalimu alisema sahihi kabisa. Halafu akaniangalia, na darasa zima likageuka. Deka ni mimi.

Wakati wa mapumziko nilimshika Hibaq mkono nyuma ya darasa. Alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekosa adabu.

"Abaayo, mimi nilitaka sentensi nzuri tu," alisema, akiniita dada kama siku zote.

Mwalimu mkuu hakuwa mtu mbaya, alikuwa mwoga. Alimwita Eddo, akamweleza kwamba hataki maofisa wamjie shuleni, na wiki hiyo hiyo nikapandishwa lori la unga lililokuwa likielekea Hagadera. Eddo alilia. Mimi sikulia, nilikuwa na hasira mno. Mtihani niliufanya kambini baada ya miaka kadhaa, na nafasi ya sekondari sikuipata. Kiingereza nilijifunza mwenyewe, kwa ukaidi, nikianza na neno lile, "mingle". Kamusi nene iliniambia kwamba lilitokana na neno la Kiingereza cha kale la kuchanganya, na kwamba "among", neno wanalotumia kusema "miongoni mwa", lilizaliwa tumbo moja nalo. Mwalimu hakutuambia hilo. Pengine hakulijua, na sidhani kama lingenisaidia.

Sasa naishi Nairobi. Nina kitambulisho, nina duka, watoto wangu huniambia Kiingereza changu ni cha kizamani na hakuna anayeniuliza nilizaliwa wapi. Mwaka jana nilikutana na Hibaq kwenye harusi mtaani Islii. Amenenepa, amependeza, ana sauti ile ile. Alinikumbatia mbele ya wanawake wote, machozi yakamlengalenga.

"Uliondoka Garissa bila hata kuniaga, abaayo," alisema. "Niliumia sana."

Nilimchunguza usoni nione kama anatania. Hakuwa anatania. Miaka yote hiyo alikuwa amejibebea kidonda chake, na aliyemjeruhi ni mimi. Wanawake walikuwa wakitutazama wakitabasamu, wakisubiri, na nikasikia mdomo wangu ukimwambia samahani. Samahani ile inaniuma kuliko sentensi yake.